Ndoano Tupu za Mnara wa Holzbach

Regine Zikeli hakuwachukia wageni. Alichokichukia ni jinsi walivyoingia. Mtu anavuka lango la ngome, anainua shingo kutazama minara, anapiga picha ukuta, anapiga picha kengele, anampiga picha hata yeye Regine akiwa ameinama kwenye viazi vyake, halafu ndipo anakumbuka kwamba binadamu husalimiwa. Wengine hawakumbuki kabisa. Ukiwauliza wametoka wapi, utaambiwa wiki hii wameshamaliza ngome tano na makanisa sijui mangapi, na kabla ya chakula cha mchana wamebakiza mawili, kana kwamba makanisa ni mayai ya kuokota bandani.

"Hivi wanatafuta nini hawa?" alizoea kumuuliza jirani yake, Saveta Bucur, wakiwa wamesimama kila mmoja upande wake wa ua.

"Wanatafuta zamani, Dada Regine."

"Zamani ipi? Zamani yenyewe nimeifagia jana asubuhi, na mgongo unaniuma."

Na alikuwa anasema kweli. Kanisa la Holzbach limejengwa katikati ya ngome, na ngome ilijengwa na Wasaksoni, walowezi wa Kijerumani waliokuwa wakimwogopa kila mtu: Waturuki, Watatari, wakati mwingine hata mfalme wao wenyewe. Adui alipoonekana bondeni, watu walikusanya watoto na ng'ombe wakajifungia ndani. Chakula kilikuwa humo tayari, maana nani ana muda wa kubeba mbavu za nguruwe huku mishale inamfuata mgongoni? Hatari zikapita, karne zikapita, nyama haikutoka. Ilibaki kwenye mnara wa kusini, wenye kuta nene kiasi kwamba hata Agosti ukiingia utatafuta sweta.

Kila nyumba ilikuwa na ndoano yake humo, na muhuri wake wa chuma. Nguruwe alichinjwa Desemba, moshi ukafanya kazi yake, kisha mbavu zenye mafuta zikapandishwa na kutundikwa. Jumapili kengele ya kwanza ikilia, mwenye ufunguo anafungua mlango. Kila nyumba inakata kipande cha wiki, inagonga muhuri pale penye mkato ili mwizi akipita ajulikane. Kengele ya pili ikilia, mlango unafungwa. Nyumba ambayo ndoano yake imekutwa tupu kengele hiyo ya pili ikilia haihesabiwi tena kuwa ni ya mnara, na mwenye ufunguo ana haki ya kumpa mwingine ndoano ile. Mwenye ufunguo naye, kama hana nyama, hana ufunguo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na Regine aliishika desturi hiyo kuliko alivyoshika amri kumi za Mungu, ambazo mbili tatu alikuwa na mashaka nazo.

Usimwone kichaa. Alizaliwa vitani. Alikuwa bado mtoto wa kunyonya wakati Warusi walipowazoa Wasaksoni wote wenye nguvu kwenda kuchimba makaa ya mawe. Mama yake alipakiwa kwenye behewa la mizigo mwezi wa Januari, na huko alikopelekwa ndiko alikozikwa. Regine akalelewa na bibi yake. Serikali ilipochukua mashamba, bibi alibakiwa na nguruwe mmoja na ndoano moja, akaona vinamtosha. Kila Jumapili alimpandisha mjukuu wake ngazi za mnara huku akihema, akamwonyesha ubavu uliokuwa ukining'inia gizani. "Nyama yetu ikiwa hapa, na sisi tupo," alimwambia. Mtoto aliyeambiwa maneno hayo kila Jumapili, huku tumbo linamnguruma, hawezi kuyasahau.

Kisha ukaja mwaka wa tisini, mipaka ikafunguliwa, na Holzbach yote ikamwagikia Ujerumani. Mitaa ilihama kabla plamu hazijaiva. Mume wa Regine alikuwa ameshafariki. Mwanawe wa pekee, Gerhard, naye alifunga mizigo, akamwuliza mama yake, "Sasa wewe utabaki na nani?"

"Na kanisa. Au mmelipakia kwenye gari gani? Mbona silioni?"

Mzee Misch Binder, aliyekuwa na ufunguo wakati ule, alimjia akiwa ameshavaa koti la safari. Hakukaa hata kitini. Aliuweka ufunguo mezani, mzito kama nyundo, akasema, "Tushikie, Regine, mpaka turudi."

Regine akawashikia. Alifagia, alipiga kengele, alipanda juu ya paa mwenyewe kurudisha vigae vilivyoteleza, mwanamke mtu mzima, majirani wakimpigia kelele ashuke asije akavunjika nyonga. Alimchinja nguruwe wake kila Desemba akamtundika. Na zile ndoano nyingine tupu hakumpa mtu. Zilikuwa na wenyewe, na wenyewe walisema watarudi.

Walirudi, ndiyo. Walirudi kila Agosti kwa wiki mbili, na magari yanayong'aa. Walilia makaburini, wakala keki, wakasema Holzbach ni roho yao, wakaondoka. Hata mmoja hakurudi na nguruwe.

Mwaka juzi ndipo akaja Udo Binder, mjukuu wa Mzee Misch. Aliondoka Holzbach akiwa mtoto wa chekechea, akarudi na ndevu zilizochongwa vizuri na taasisi ya urithi nyuma yake. Alikuwa na sauti laini ya mtu anayejua kwamba mwishowe atapata anachotaka. Alimkumbatia Regine, akamwita Shangazi, akasema yeye ni mtoto wa hapa hapa. Taasisi itaezeka paa upya, itaimarisha kuta, itasafisha michoro ya watakatifu iliyopakwa chokaa. Regine alifurahi. Paa lilikuwa limemshinda, na anayesema hakufurahi anamsingizia.

Shida ilikuwa ufunguo. Udo alitaka lango lifunguke lenyewe, wageni waingie wanapotaka, si kumsubiri bibi amalize kulisha nguruwe. Kwenye mkutano wa kijiji, mchungaji na meya wakiwapo, Regine alisimama akapigilia msumari.

"Paa ezekeni, Mungu awabariki. Ufunguo unabaki kwa desturi."

"Na desturi inasemaje, Shangazi?" Udo aliuliza kwa upole, kana kwamba hajui.

"Ufunguo ni wa mwenye nyama mnarani. Siku mkikuta Jumapili hakuna nyama humo, hata ubavu mmoja, uchukueni muende nao. Nitawapa kwa mkono wangu mwenyewe."

Alisema hivyo kwa majivuno, na watu wakacheka, maana nani asiyejua kwamba nyama ya Regine haikosekani? Udo naye alicheka. Mchungaji akasema basi na iwe hivyo, mbele ya mashahidi wote.

Sherehe ya kufungua ngome iliyokarabatiwa ilipangwa Jumapili moja ya Mei. Alhamisi ya wiki hiyo Regine aliwaachia mafundi ufunguo wamalizie kuta za mnara, akaenda mjini Mediaș kupimwa macho. Aliporudi na basi la jioni, aliona moshi nyuma ya ukuta wa kusini, akasikia harufu ambayo pua yake isingeweza kuikosea. Saveta alikuwa amesimama langoni, mikono ndani ya aproni.

"Dada Regine, usikimbie. Utaanguka bure. Imeshaisha."

"Nini kimeisha?"

"Nyama yako. Wameitoa mnarani wameichoma na takataka. Niliwapigia kelele, wakaniambia nenda kachunge bata zako."

Regine alikimbia, macho yakiwa bado na ukungu wa dawa ya daktari. Alikuta mafundi wanageuza majivu kwa koleo, na mfupa mmoja umechomoza. Nguruwe mzima wa mwaka mzima! Aliyemlisha kwa mkono wake, viazi na pumba, aliyemkuna mgongo akilala! Njaa ilishapita katika kijiji kile, vita vilipita, chama cha kikomunisti kilipita na wakaguzi wake, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuchoma chakula cha mtu. Hilo walikuwa hawajaliona hata kwa Watatari.

Udo alikuja haraka, ameinua viganja kama mtu anayemtuliza farasi.

"Shangazi, Shangazi, nisikilize. Wakaguzi wa afya wanakuja na wageni. Ile nyama ilikuwa na ukungu."

"Ukungu! Nyama isiyoota ukungu ni ya plastiki, mjinga wewe! Babu yako alikula ukungu huo ndiyo maana ukazaliwa!"

"Tutakununulia nyingine. Nzuri, safi, imefungwa vizuri kabisa."

"Ya dukani?"

"Ya dukani, ndiyo."

"Nyama ya dukani niipandishe mnarani? Unajua fika kwamba haipandi. Ni nguruwe wa kuchinjwa nyumbani kwako tu." Kisha jambo likamwingia taratibu. Hii ilikuwa Mei, na nguruwe wa mwaka huu bado alikuwa mdogo. Desemba ilikuwa mbali. "Udo. Na Jumapili?"

Udo alitazama viatu vyake. "Jumapili tutafuata desturi, Shangazi. Kama ulivyosema mwenyewe mbele ya mchungaji."

Hapo ndipo Regine alipojua kwamba mtoto yule hakusahau hata neno moja la yale aliyofundishwa na babu yake. Angekuwa mgeni asiyejua kitu, angemsamehe. Huyu alijua, na ndiyo maana alisubiri siku ya daktari wa macho. Regine alimtemea mate miguuni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni, akaondoka.

Usiku ule hakulala, na asubuhi ya Ijumaa alikuwa uani kwa Saveta na chupa ya jamu ya cheri.

"Mdogo wangu, umeamkaje?"

Saveta alikuwa anamwaga maji ya bata. Hakugeuka. "Ukiniita mdogo wangu, najua kuna kazi."

"Una ubavu darini. Nimeuona ulipokuwa unaupandisha."

"Ninao. Mmoja ndio umebaki."

"Niazime. Mpaka Desemba tu. Nikichinja nakurudishia mzuri zaidi, na mguu juu yake. Nitaugonga muhuri wangu leo, tuutundike kimya kimya, Jumapili yule mwana wa... yule Udo akifungua macho, aukute unamsubiri."

Mwanamke huyu aliyeshika desturi maisha yake yote, aliyewahi kumgomea mchungaji kuingia mnarani kwa sababu hana ndoano, leo anataka kutundika nyama ya mtu mwingine na kuigonga muhuri wa uongo. Wala hakuona haya. Hasira ilikuwa imemfunika hata hakuona anachokisema.

Saveta aliweka ndoo chini.

"Dada Regine, kumbe nyama yangu inafaa kupanda mnarani?"

"Sasa mbona isifae?"

"Mwaka ule mume wangu Ilie alipokufa, nilikuja kwako. Nilikuomba ndoano moja. Moja tu, ile ya pembeni kabisa karibu na dirisha. Dari langu ni la mabati, kiangazi nyama inayeyuka mafuta yanadondoka kitandani. Panya wanakula kabla yangu. Unakumbuka ulisemaje?"

Regine alikumbuka. "Nilisema zina wenyewe."

"Wenyewe! Wenyewe wako Ujerumani wanakula soseji za kopo! Mimi niko hapa. Baba yangu alichunga nyati wenu wa maziwa ninyi Wasaksoni mpaka akafia malishoni. Nani anakushikia nguruwe miguu ukichinja? Nani anakuoshea matumbo? Nani anasimama chini ya ngazi kila Jumapili na kikapu, mvua, theluji, anakusubiri wewe ushuke na kisu chako? Siku hata moja hukuniambia, Saveta, panda uone."

"Haikuwa desturi, Saveta. Mnara ule ni wa..."

"Wa nani? Malizia."

Regine aliinamia chupa ya jamu. Bata walipiga kelele kwenye maji mapya.

"Ubavu ninao na sikupi," Saveta alisema. "Haupandi kule ukiwa na muhuri wa Zikeli. Kama unapanda, upande kwa jina langu. La sivyo uoze darini kama wenzake. Na jamu yako ichukue, cheri zenyewe nilikuchumia mimi."

Regine alirudi nyumbani na jamu yake. Mtu mmoja kuwa na hasira na dunia nzima ni kazi kubwa, na siku ile aliifanya kazi hiyo kwa bidii. Alimlaani Udo. Alimlaani Saveta, mwenye kisirani, aliyetunza kinyongo miaka yote ile huku akitabasamu uani. Mchana Gerhard alipiga simu, akasikiliza habari nzima, akasema, "Mama, waachie tu ufunguo. Umeshachoka. Njoo huku, chumba kipo."

"Wewe ndoano ya kwenu umemwachia nani?"

"Mama, ni ndoano tu."

Regine alimkatia simu. Kisha alikaa jikoni akila viazi vilivyochemshwa kwa maji matupu, bila hata kipande cha mafuta, na alichokuwa akikitafuna hasa ni yale maneno ya mwanawe.

Jumamosi alipanda mnarani. Mafundi walikuwa wamemaliza na kumrudishia ufunguo, na alipofungua mlango alisimama kizingitini mdomo wazi. Kila ndoano ilikuwa na ubavu. Mbavu za mti, zimechongwa na msanii wa mjini, zimepakwa rangi ya mafuta na rangi ya damu, na kila moja imegongwa muhuri wa nyumba yake: Schuster, Depner, Theil, Binder. Walikuwa wamepuliza hata harufu ya moshi kutoka kwenye kopo, harufu kali ya kuchekesha iliyomkwaruza koo. Wote waliomwambia awashikie walikuwa wamerudi hivi, wamekauka, hawali, hawatakata kitu Jumapili wala siku nyingine yoyote. Ndoano ya Zikeli peke yake ndiyo iliyoachwa wazi, ili kesho kila mtu aone kwamba ni tupu.

Aliikamata ndoano ya pembeni karibu na dirisha, ile aliyoiomba Saveta. Ilikuwa ya kina Binder. Akaushika ule ubavu wa mti, ukamponyoka ukaanguka sakafuni, ukatoa mlio mwepesi wa ubao. Kwa ajili ya hiki, akawaza, kwa ajili ya hiki nilimwacha mtu kwenye theluji. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Haikuondoa hasira hata kidogo. Ilikaa juu yake.

Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, alikwenda tena uani. Safari hii hakuchukua jamu.

"Saveta. Una muhuri?"

"Muhuri wa nini?"

"Nyama isiyogongwa haipandi."

Saveta alimkazia macho. "Usinichezee, Dada Regine. Kwa hilo usinichezee."

"Nikuchezee nina muda gani? Kesho kengele ya kwanza mpaka ya pili bado mimi ndiye mwenye ufunguo. Nitagawa ndoano ninavyotaka. Tafuta chuma chochote cha kwenu chenye alama."

Saveta aliingia bandani, akatoka baada ya muda na kipande cha chuma chenye kutu na mpini wa mti. Ndicho alichotumia baba yake kuwatia alama nyati kwenye pembe, ili wasichanganyike na wa kijiji cha pili. Alikipangusa kwa aproni.

"Hiki?"

"Kitafaa. Na ujue jambo moja: mimi sina nyama. Ukipanda wewe, ufunguo si wangu tena. Unakuwa wako."

"Basi kwa nini unafanya hivi?"

"Kwa sababu nina hasira."

"Na mimi?"

"Na wewe ninayo. Usidhani yako imekwisha."

"Na mimi yangu haijaisha," Saveta alisema, akaingia ndani kushusha ubavu.

Jumapili uwanja wa ngome ulijaa. Walikuwapo watu wa taasisi na tai zao, meya, mchungaji na joho lake, Wasaksoni waliokuja kutoka Ujerumani kwa ajili ya sherehe, na wageni wenye kamera ambao wiki hiyo walikuwa wameshamaliza ngome kadhaa. Udo alivaa koti la Kisaksoni lililodariziwa. Lilikuwa la babu yake, na lilimkaa vizuri.

Kengele ya kwanza ikalia. Regine akafungua mlango wa mnara. Udo akasogea, na kwa ile sauti yake laini akawaambia watu kwamba leo ni siku ya hisia nyingi, kwamba Shangazi Regine amelinda urithi wetu kwa moyo wote, na kwamba sasa, kwa mujibu wa desturi ya kale...

"Nyamaza," Regine alisema. "Bado kengele ya pili."

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Regine alimgeukia mchungaji.

"Mchungaji, wewe ni shahidi. Ndoano ya Zikeli ni tupu. Waliichoma nyama yangu Alhamisi nikiwa kwa daktari, na aliyeamuru yuko hapa amevaa koti la marehemu Misch. Sitaki kesi. Mwenye ndoano tupu hana mnara; nilisema mwenyewe na sirudi nyuma. Lakini ndoano ya Binder nayo ni tupu, tangu mwaka wa tisini. Mti si nyama. Nani hapa anabisha kwamba mti si nyama?"

Hakuna aliyebisha. Mmoja wa Wasaksoni wa Ujerumani, mzee wa ukoo wa Depner, alitazama pembeni akajikohoza.

"Mwenye ufunguo hugawa ndoano tupu. Hii nampa Saveta Bucur. Saveta, pita."

Saveta alipita katikati ya watu akiwa ameukumbatia ubavu, kitambaa cheupe kimeusitiri. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka. Alisimama kwenye ngazi ya kwanza, ambayo hakuwahi kuikanyaga, na kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba hatapanda.

"Subirini," Udo alisema, na sauti ilikuwa imepoteza ulaini. "Subirini kwanza. Huyu mama, kwa heshima zote, si... Mnara huu ni wa Wasaksoni. Ni urithi wa Wasaksoni. Shangazi, wewe mwenyewe hukuwahi..."

"Sikuwahi. Na nilikosa," Regine alisema kwa sauti ya kusikika mpaka langoni, na ilimuuma kuisema mbele ya kamera zile. "Nyinyi nyote mlisema mtarudi, mimi mpumbavu nikawawekea nafasi. Nikamnyima aliyebaki nikawatunzia walioondoka. Na mlichonirudishia ni mbao! Mchungaji, desturi inasema mtu awe na damu gani?"

Mchungaji alikuwa mtu wa amani, mwenye vijiji vingi vya kuhudumia, na kwa kawaida alipenda mambo yapite. Alimtazama Udo, akamtazama Saveta na ubavu wake.

"Inasema awe na nyama," alijibu.

Saveta akapanda. Walimsikia juu akiusukuma kwa mguu ubavu wa mti wa Binder uliokuwa sakafuni, ukaja ukigonga ngazi moja baada ya nyingine mpaka miguuni kwa Udo. Kisha wakasikia kisu, kisha chuma cha nyati kikigonga nyama. Kengele ya pili ikalia. Saveta akashuka na kipande chake mkononi, akafunga mlango, na ufunguo akautia mfukoni mwa aproni. Meya alipiga makofi peke yake, akaacha.

Udo alimfuata Regine mpaka kwenye kona ya ukuta. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Umeutoa ufunguo wa babu yangu kwa mchunga nyati."

"Nimeutoa kwa mwenyeji," Regine alisema. "Wewe nenda kapake mbao zako rangi."

Lakini alipofika nyumbani furaha hakuiona. Aliketi jikoni mchana wa Jumapili bila nyama mezani, kwa mara ya kwanza tangu alipoweza kupanda ngazi mwenyewe, na mikono yake haikujua pa kukaa. Nusu yake ilitegemea kwamba Saveta angekuja na kipande kimefungwa kwenye kitambaa. Majirani hufanya hivyo. Saa zilipita na viazi vikapoa.

Karibu na machweo alimsikia uani, akatoka. Saveta alikuwa upande wake, mikono mitupu, ufunguo unaivuta aproni chini.

"Dada Regine, ndoano ya Zikeli nimeiacha hivyo hivyo. Sijampa mtu."

"Vizuri. Desemba nikichinja nitakuja kutundika."

"Hutakuja kutundika. Utakuja kuniomba."

Regine alihisi damu ikimpanda kichwani. Yeye! Ndoano ya bibi yake! Iliyopitia Warusi na chama na njaa! Alifungua mdomo amtolee uvivu, ampe yote, tangu Ijumaa mpaka leo. Saveta alisubiri, hakusogea, uso wake haukuwa na ubaya wala huruma.

"Niombe?" Regine alisema mwishowe.

"Uombe. Kama nilivyoomba mimi. Nikikupa utapanda, nikikunyima utakaa na dari lako."

"Na utanipa?"

"Sijui. Mpaka Desemba nitakuwa nimeshafikiri."

Regine alishika mti wa ua kwa mikono miwili. Alikuwa na hasira kuliko Alhamisi, kuliko siku zote, na safari hii hakumwona mwingine wa kumkasirikia ila yeye mwenyewe.

"Nitaomba," akasema, akaingia ndani kuosha sufuria.